Nyumba Kando ya Ziwa

Mtu hujenga nyumba ya kwanza kwa haja, na nyumba ya pili kwa hamu. Nyumba ya kwanza humkinga na mvua, baridi, jua na mwizi. Hakuna amwulizaye kwa nini ameijenga, kwani jibu lake lajulikana na kila mwenye mwili. Nyumba ya pili haina udhuru huo. Mwenyewe ana paa jingine la kujisitiri, ana kitanda kingine cha kulala na jiko jingine la kupikia. Ameijenga ili apumzike. Mapumziko si jambo dogo, wala si dhambi, kwa kuwa mwili uliochoka na akili iliyochakaa hazimfai mtu yeyote. Walakini jambo lifanywalo kwa hamu lina deni la maelezo ambalo jambo lifanywalo kwa haja halina. Insha hii yahusu deni hilo.

Na ichukuliwe familia moja iliyopata kipande cha ardhi ufukoni mwa ziwa, mahali penye msitu. Familia hiyo imepapenda mahali pale kwa mambo matatu: kimya, kivuli cha miti, na upana wa maji mbele ya macho. Mara inataka nyumba. Ili nyumba ipate pa kukaa, miti hukatwa. Ili maji yaonekane dirishani, miti mingine hukatwa. Ili gari lifike mlangoni, njia hupasuliwa. Wajenzi huja na misumeno na nyundo. Kazi inapokwisha, familia huketi barazani kupatazama mahali palipopendwa, na mahali penyewe hapapo tena. Maji yamebaki, lakini kimya kimeondoka, kivuli kimepungua, na apitaye ziwani kwa mashua huona ukuta pale alipokuwa akiona msitu. Mapenzi yamekila kilichopendwa. Basi swali ni hili: je, yawezekana mtu kujenga mahali apapendapo pasipo kupaharibu? Na kama haiwezekani, ana haki gani ya kujenga?

Nchi ambazo swali hili limeingia katika maisha ya watu wa kawaida kama lilivyoingia Ufini si nyingi. Nchi hiyo ya kaskazini mwa Ulaya ina watu wapatao milioni 5.6 tu, lakini ina maziwa yapatayo 188,000, yakihesabiwa pamoja na madogo yenye eneo la mita 500 za mraba. Na nyumba zake za mapumziko zimezidi 500,000. Nyingi katika hizo zi karibu na maji. Si mali ya matajiri peke yao. Mwalimu, fundi na mkulima huwa nazo pia, mara nyingi kwa urithi. Majira ya baridi huko ni marefu, na mchana wake ni mfupi. Majira ya joto yanapokuja, jua hukawia kutua, na watu huihama miji kama ndege waliofunguliwa tundu. Huko misituni hupasua kuni, huvua samaki, huchuma matunda ya mwituni, na jioni huingia sauna, yaani nyumba ndogo ya kuogea mvuke utokao katika mawe yaliyopashwa moto, kisha hujitosa ziwani.

Miongoni mwa nyumba hizo iko moja iliyopata sifa duniani, nayo yafaa kuwa kioo cha swali hili. Alvar Aalto, msanifu wa majumba aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1976, alipewa kazi ya jumba la halmashauri ya Säynätsalo, katikati ya Ufini, jumba ambalo lilikwisha mwaka 1952. Mke wake wa kwanza, Aino, ambaye alikuwa msanifu na mwenzi wake wa kazi, alifariki mwaka 1949. Katika kazi ya Säynätsalo alisaidiwa na msanifu kijana, Elissa, naye akamwoa mwaka 1952. Wakati wa kazi hiyo waliuona ufuko wa mwamba na misonobari katika kisiwa cha Muuratsalo, ndani ya ziwa Päijänne. Hapo wakaanza kujenga nyumba yao ya majira ya joto.

Nyumba yenyewe si kubwa kwa kadiri ya sifa zake. Ina mabawa mawili yaliyokutana kwa pembe, na kuta ndefu zilizokamilisha pande nyingine, hata ukapatikana ua wa mraba. Kuta za nje ni nyeupe. Kuta za ndani ya ua ni za matofali mekundu, nazo zimegawanywa katika vipande vipatavyo 50. Kila kipande kimejengwa kwa matofali au vigae vya namna yake na kwa mpango wake: huku vimelazwa, huku vimesimamishwa, huku vikubwa, huku vidogo. Aalto alitaka kuona kwa macho jinsi kila namna inavyovumilia mvua na barafu, na jinsi inavyopendeza. Katikati ya ua pana shimo la kuwashia moto. Kwenye upande wa ziwa ukuta umeachwa wazi, na maji huonekana kwa hapo. Msomaji azijuaye nyumba za mawe za Lamu hatashangaa kuona ukuta wa nje usiosema neno, na maisha ya wenyeji yamo ndani, uani. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Ua huo una fundisho la kwanza. Mtu aliyekuwa na ziwa lote mbele yake, ziwa la pili kwa ukubwa katika nchi yake, lenye urefu wa kilomita zaidi ya mia moja, hakulifungulia kila ukuta. Alijinyima. Jicho lina tamaa kama tumbo, na kama tumbo halijui pa kukoma mpaka lifundishwe. Familia nyingi hudhani kuwa dirisha kubwa kuliko yote ndilo shukrani kubwa kuliko zote. Hukata miti yote iliyo mbele ya nyumba ili uzuri uingie ndani bila kizuizi. Lakini kitu kionekanacho saa zote na kutoka kila mahali hugeuka kuwa kama rangi ya ukuta, kikakaa pale pasipo kutazamwa na mtu. Ziwa linaloonekana kati ya vigogo viwili vya misonobari humwita mtu atoke nje, ashuke, aliguse. Kwa hiyo kuiacha miti si hasara iliyovumiliwa kwa ajili ya msitu tu. Ni faida ya mwenye nyumba pia. Hapa wajibu na furaha vimekwenda njia moja, na mahali vinapokwenda njia moja ni upumbavu kuvitenganisha.

Fundisho la pili limo katika sehemu zake nyonge. Nyuma ya nyumba kuu liko bawa la wageni, lililojengwa kwa mbao. Halikupasuliwa mwamba ili lipate msingi. Boriti zake zimelazwa juu ya mawe, na nyumba ikaifuata ardhi badala ya ardhi kuifuata nyumba. Karibu na maji iko sauna ya magogo. Gogo la mti ni nene shinani na jembamba kileleni. Desturi ya mafundi ni kuyapishanisha magogo, shina la hili juu ya kilele cha lile, ili ukuta uwe sawa. Katika sauna ya Muuratsalo mashina yamelazwa upande mmoja na vilele upande wa pili. Ukuta mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake, na mwinamo wa paa ukatokea wenyewe. Mjenzi wa namna hiyo ameuuliza mti una nini kabla ya kuuambia anataka nini. Katika mwenendo wa wanadamu pia, mtu aulizaye kwanza na kuamuru baadaye hupungukiwa na mambo machache ya kujutia.

Fundisho la tatu ni la njia. Katika miaka ya mwanzo Aalto na mkewe walifika kisiwani kwa mashua. Aliichora mwenyewe, akaiandika jina la Kilatini lenye maana kwamba hakuna nabii katika nchi yake mwenyewe. Waswahili hunena kinyume chake, kuwa mcheza kwao hutuzwa. Yamkini kila taifa lina watu wa kuthibitisha maneno yote mawili. Lakini faida ya mashua haikuwa katika jina. Afikaye kwa mashua hawezi kuja na kila kitu alichonacho. Lazima achague, na katika kuchagua huacha nyuma nusu ya mambo yaliyomchosha. Siku hizi njia ya gari hupelekwa mpaka mlangoni, na kwa njia hiyo mji wote humfuata mtu, pamoja na vyombo vyake, kelele zake na haraka zake. Mtu hukimbia mzigo huku ameujitwika.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumsifu mtu kupita kiasi. Ukuta mweupe kati ya misonobari haujifichi. Husema kwa sauti kwamba mtu yupo hapa. Nyumba ya majaribio ina fahari yake, na msanifu ajijengeaye hujenga pia kwa ajili ya macho ya wasanifu wenzake. Lakini shaka kubwa kuliko hiyo ni kwamba Muuratsalo ni nyumba moja. Jambo lililo jema likifanywa na mmoja laweza kuwa baya likifanywa na watu laki tano. Mtu mmoja akikata misonobari kumi, msitu hausikii; wakiikata watu laki tano, hakuna msitu. Ukubwa wa kosa la kila mmoja haukubadilika, bali idadi imebadilika, na idadi imeligeuza jambo la desturi kuwa jambo la maadili. Ndiyo maana ajengaye ufukoni hawezi kujitetea kwa kusema kuwa nyumba yake ni ndogo na miti aliyoikata ni michache. Anapaswa kuuliza ufuko ungekuwaje kama kila jirani angefanya kama yeye.

Kutoka katika swali hilo huzaliwa lingine lililo gumu zaidi. Aliyekuja kwanza aliukuta ufuko mtupu akajenga karibu na maji kama alivyopenda. Aliyekuja baadaye hukuta sheria. Katika Ufini wa leo ufuko haujengwi ovyo. Hutakiwa mpango wa matumizi ya ardhi au ruhusa ya pekee, na mara nyingi nyumba mpya huamriwa kukaa nyuma, mbali kidogo na maji, na miti iachwe mbele yake. Aliyechelewa hunung'unika: kwa nini mimi nikatazwe aliloruhusiwa jirani yangu? Manung'uniko yake yana sura ya haki, lakini ni sura tu. Alichokipata yule wa kwanza kilikuwa bahati, na bahati ya mtu haiwi sheria ya watu. Kama watu kumi wakiteka maji kisimani na kisima kikaanza kukauka, wa kumi na moja hawezi kudai ndoo kumi kwa sababu wa kwanza alizipata. Lakini wa kwanza naye hawezi kuketi kando ya kisima akijisifu kuwa alikuwa mwerevu. Kwa kuwa bahati imempendelea, wajibu wake wa kuwaachia wengine ni mkubwa kuliko wa wale waliomfuata.

Wafini wana desturi ya kale, iliyokubaliwa na sheria, ambayo hupunguza ukali wa jambo hili. Kila mtu ana ruhusa ya kutembea katika msitu wa mwingine, kuchuma matunda ya mwituni na uyoga, kuogelea ziwani na kupita kwa mashua, maadamu haharibu kitu wala hamsumbui mtu. Haruhusiwi kuingia katika uwanja wa nyumba ya mtu, wala kuwasha moto katika ardhi ya mtu pasipo idhini ya mwenyewe. Desturi hiyo ina busara nyingi. Inakiri kuwa mtu aweza kumiliki ardhi, lakini haikubali kuwa aweza kumiliki upepo, njia ya miguu na harufu ya misonobari. Walakini ina tundu moja: kila nyumba mpya huja na uwanja wake, na kila uwanja huipunguza haki ya wapita njia. Nyumba ikitanda ufukoni, na uwanja wake ukatanda kuizidi, watu wote huwa wamepoteza kitu ambacho mwenye nyumba hakukinunua. Yule aliyechora nyumba yake ikiwa imejikusanya kuzunguka ua mmoja, hakuchora kwa uzuri tu. Aliwaachia wengine ufuko uliobaki.

Wako pia majirani wasioonekana. Kutoka ziwa Päijänne limechimbwa handaki katika mwamba, lenye urefu wa kilomita 120, lililokamilika mwaka 1982, nalo hupeleka maji Helsinki na miji iliyo karibu. Zaidi ya watu milioni moja huyanywa maji hayo. Mtu ashukaye asubuhi kuogelea mbele ya nyumba yake katika ziwa hilo, huoga katika mtungi wa watu asiowajua. Na maji ya ziwa huharibika polepole. Maji machafu ya jikoni na chooni yana fosfori. Fosfori ikiingia ziwani hulisha miani, na miani ikizidi hugeuza maji safi kuwa mazito na ya kijani. Miti na majani ya ufukoni hushika udongo na kuyachuja yale yanayotiririka kutoka juu. Kwa hiyo mti uliokatwa kwa ajili ya dirisha haukuwa wa mwenye dirisha peke yake. Ulikuwa ukifanya kazi kwa ajili ya watu ambao hawatamshukuru, kwa kuwa hawajui kuwa yupo.

Baada ya deni la ufuko na la majirani liko deni la ndani ya nyumba yenyewe. Husemwa kuwa nyumba ni ya mapumziko ya familia. Lakini ni mapumziko ya nani? Ziko nyumba nyingi kando ya maziwa ambamo baba hulala katika kiti cha kamba, watoto huogelea, na mama hupika mara tatu kwa siku katika jiko baya kuliko lile alilolikimbia mjini. Huyo amebadilishiwa mahali pa kazi, hakupumzishwa. Ramani ya nyumba hueleza mapema nani atapumzika na nani atachoka. Jiko likiwekwa nyuma, kizani, apikaye amekwisha hukumiwa kuwa peke yake. Jiko likifunguliwa mahali watu wanapoketi, au moto ukawekwa katikati ya ua kama ule wa Muuratsalo, kazi huonekana, na kazi ionekanayo hupata wasaidizi. Wachorao nyumba ya mapumziko wasianze kwa kuuliza vyumba vingapi. Waanze kwa kuuliza nani atateka maji, nani atapika, nani atapasua kuni na nani atafagia, na wasichore mstari mmoja mpaka majina ya wote yametajwa.

Deni la ndani halishii kwa walio hai. Nyumba ya mapumziko hupendwa na watoto kuliko nyumba ya mjini, kwa sababu katika kumbukumbu yao daima ni siku ya jua. Wazazi wakifa, watoto watano hurithi nyumba moja isiyogawanyika. Mmoja ataka kuuza, mwingine ataka kupanua, wa tatu hana fedha za kutengeneza paa, na wawili wamekosana. Nyumba iliyojengwa ili kuwakutanisha huwapeleka mahakamani. Kinga yake imo katika kiasi: nyumba ndogo, rahisi kutengenezwa, isiyodai fedha nyingi kwa mwaka, huwapa warithi sababu chache za kugombana. Nyumba ya Muuratsalo yenyewe imo leo mikononi mwa taasisi yenye jina la Alvar Aalto, na wageni huongozwa kuitazama majira ya joto. Si kila nyumba itapata mwisho huo, wala haihitajiwi. Yatosha mjenzi akumbuke kuwa anaijengea familia ambayo siku moja itakuwa familia tano.

Lakini wako watakaosema kuwa haya yote ni kuzunguka mbuyu. Maadamu wako watu wasio na nyumba hata moja, kuchora vizuri nyumba ya pili ni kama kuosha mikono kwa maji ya thamani. Hoja hiyo ni nzito, na hakuna ramani inayoweza kuishinda. Anayejibu kuwa mali ni yake amejibu swali la sheria, na aliyeulizwa ni swali la dhamiri. Jibu la kweli ni dogo, lakini li karibu na uaminifu: mapumziko ni haja ya kila mwanadamu, na aliyeyapata hana haki ya kuyafanya makubwa kuliko haja ilivyo. Nyumba ya mapumziko inayoishinda nyumba ya kukaa kwa ukubwa na fahari imekwisha kukiri kuwa haikujengwa kwa mapumziko. Nyumba ndogo, yenye kitanda kwa ajili ya mgeni asiye na nyumba kama hiyo, yenye ufuko usiofungwa na miti isiyokatwa, haijalipa deni lake lote. Lakini inalipa, na mwenyewe anajua kuwa anadaiwa. Ujuzi huo peke yake humtofautisha na yule adhaniye kuwa ziwa liliumbwa kwa ajili ya dirisha lake.

Kwa hiyo swali la awali hupata jibu lenye sharti. Mtu aweza kujenga mahali apapendapo, akikubali kuwa hata baada ya kulipa bei na kupewa hati yeye ni mgeni hapo. Wenyeji ni miti, samaki na ndege waliomtangulia, jirani apitaye kwa mashua, mtu wa mbali anywaye maji yale, na watoto ambao hawajazaliwa. Mgeni mwema huingia kwa hodi, huketi anapoonyeshwa, hali kuliko alivyopewa, na aondokapo huacha mahali pakiwa kama alivyopakuta. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.